Kamera yako bado ni mzigo wa duka

Sahibu yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti, kwamba kamera uliyoinunua msafirishaji anadai ameshaikabidhi na wewe hujaiona, nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilishika neno moja tu, kamera. Mara ya pili nikasikia sauti yako inavyokatika pale uliposema, "Sasa nitaanzia wapi?" Nakujua, wewe si mtu wa kulilia vitu. Lakini najua pia umeidunduliza kamera hiyo mwaka mzima na zaidi, ukijinyima hiki na kile, na kazi ulizokwisha kuzikubali zinaisubiri. Ndiyo maana nimeona nikuandikie badala ya kukupigia. Haya ni marefu kwa simu, na nataka uwe nayo mbele yako utakapokuwa unajibizana nao.

Umeuliza nani anaubeba msiba huu. Anaubeba aliyekuuzia. Si dereva, si kampuni ya usafirishaji, na wala si wewe.

Ulipolipa, uliingia mkataba na duka: wao watoe kamera na kuifikisha kwako, wewe utoe hela. Hela umeshatoa. Kisha duka likaenda kwa msafirishaji likaingia mkataba wake, wakapatana nauli, bima na namna ya kukabidhi mizigo, na wewe hukuwepo hapo. Kwa hiyo yule dada wa huduma kwa wateja wa kampuni ya usafirishaji aliyekuambia "mteja wetu ni duka, si wewe" hakukudanganya. Alisema jambo la kweli, ila hakulimalizia: kama mteja wao ni duka, basi duka ndilo lenye haki na kazi ya kuwadai wao, na wewe wa kumdai ni duka peke yake.

Hili nimelijua kwa kuumia. Hukumbuki ile laptopu yangu kwa sababu sikukusimulia, niliona aibu, kana kwamba nimeibiwa kwa uzembe wangu. Siku ile nilikuwa nyumbani tangu asubuhi, simu ipo mezani, dirisha wazi. Saa nane na dakika kumi na mbili ikaingia arifa: "Mzigo wako umekabidhiwa." Nikatoka nje mbio. Hapakuwa na kitu. Nikafungua ile picha ya uthibitisho, nikaikuza mpaka ikaanza kuvunjika. Mlango wa buluu, na wangu ni wa mbao isiyopakwa rangi. Chini kuna zulia dogo la kufutia miguu lililochakaa upande mmoja. Ukutani kuna namba ya shaba ambayo tarakimu yake ya mwisho imedondoka, imebaki alama ya gundi tu. Boksi langu limeegeshwa hapo, lebo imegeuziwa ukuta. Na mahali pa saini pamechorwa mstari mmoja wa wimbi, kama mtu aliyekuwa anajaribu kalamu.

Siku hiyo hiyo nilizunguka mtaa mzima nikitafuta mlango wa buluu. Sikuuona. Wiki mbili zilizofuata nilizimalizia kwa msafirishaji, na hapo ndipo nilipokosea. Kila nikipiga nafunguliwa shauri jipya lenye namba mpya, naambiwa nisubiri saa 48, kisha shauri linafungwa kwa sababu "mfumo unaonyesha mzigo umefika". Nikigeukia duka, wananijibu nimalizane na msafirishaji. Nilirushwa kama mpira mpaka nikachoka kabisa. Aliyenitoa hapo ni mtu mmoja wa benki yangu, alipouliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Hela ulimpa nani?"

Kaa na swali hilo, litakufaa kuliko yote.

Sasa, wewe hupendi kuambiwa kitu bila msingi, kwa hiyo nikueleze sheria zinavyokwenda, maana hazifanani kila mahali. Uingereza wana Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015. Kifungu cha 29 kinasema bidhaa hubaki kwenye hatari ya mfanyabiashara, yaani ikipotea hasara ni yake, mpaka iwe mikononi mwa mnunuzi mwenyewe, au mikononi mwa mtu ambaye mnunuzi amemtaja aipokee. Umoja wa Ulaya una kanuni ya aina hiyo hiyo kwenye agizo lake la haki za watumiaji la mwaka 2011, ibara ya 20, iliyoanza kutumika Juni 2014. Angalia neno lenyewe: mikononi. Si mlangoni, si kwenye mfumo, si kwenye picha. Na huko duka haliwezi kujivua jukumu hilo kwa kuandika masharti madogo madogo chini ya ukurasa.

Nimewaza sana kwa nini watunga sheria waliuweka mzigo huo upande wa duka, na naona wana haki. Duka ndilo linalochagua msafirishaji na ndilo linaloweza kuikatia bidhaa bima. Linatuma vifurushi kila siku, kwa hiyo kimoja kikipotea hasara yake hugawanyika kwenye vingi vilivyofika. Wewe una kamera moja. Ikipotea, imepotea yote.

Sheria za zamani zilikuwa kali zaidi kwa mnunuzi. Sheria ya Uingereza ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1893, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza zilirithi maneno yake, ilichukulia kwamba muuzaji akishamkabidhi msafirishaji basi ni kama amemkabidhi mnunuzi. Iliandikwa enzi ya magunia na meli, wafanyabiashara wakiuziana wao kwa wao. Marekani nako, kwa kanuni zao za biashara, mkataba wa kutuma tu unaweza kuihamisha hatari kwako mzigo unapoingia mikononi mwa msafirishaji, lakini mkataba wa kufikisha hauihamishi mpaka mzigo ufike. Kwa hiyo hata mahali penye sheria ya namna hiyo usikate tamaa. Kanuni ile ya mwaka 1893 ni ya kuanzia tu, huondolewa na makubaliano. Duka lililokuandikia "tutakuletea mpaka mlangoni" limeahidi kufikisha, halikuahidi kutuma tu. Ukurasa wenye ahadi hiyo upige picha leo, kabla hawajaubadilisha.

Nikuulize sasa mambo ambayo wao watakuuliza, na unijibu ukweli maana mimi si adui yako. Anwani uliyoandika ilikuwa sahihi, mpaka namba ya nyumba? Fungua barua pepe ya kuthibitisha oda uisome herufi kwa herufi, usitegemee kumbukumbu. Kama kosa la kuandika lilikuwa lako, mambo hubadilika na duka lina pa kusimamia. Je, uliwaambia wauache kwa jirani au kwa mlinzi? Ukimtaja mtu, mkono wake unahesabiwa kuwa wako. Kama hukumtaja na dereva akajiamulia mwenyewe, hilo ni lao. Na kama msafirishaji ungemtafuta wewe, nje ya orodha ya duka, hatari ingekuwa yako tangu mzigo ulipotoka kwao. Lakini ulisema ulichagua kwenye orodha yao, kwa hiyo hapo huna wasiwasi.

Kuna moja zaidi, na hili linanitia hofu kidogo. Mizigo ya thamani siku hizi hukabidhiwa kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu. Je, kuna mtu alikupigia siku hiyo akajitambulisha kuwa dereva, akakuomba umsomee namba ili "afungue mfumo", kabla hujauona mzigo? Kama ndivyo, niambie haraka. Haimaanishi umeshindwa, ila maelezo yako itabidi yapangwe vingine. Na siku nyingine namba hiyo isitoke mdomoni mwako mpaka boksi liwe limekwisha kukaa kwenye mapaja yako.

Halafu angalia risiti jina la muuzaji. Kama ulinunua kwenye soko la mtandaoni lenye wauzaji wengi, anayedaiwa kwanza ni yule aliyetajwa kuwa muuzaji, na soko lenyewe unalijulisha kupitia utaratibu wake wa malalamiko. Wapelekee wote wawili siku moja.

Kesho asubuhi usipige simu. Simu haiachi alama. Andika barua pepe fupi, bila matusi na bila kusimulia maisha yako. Mimi niliandika hivi, badilisha utakapotaka:

"Nilinunua kwenu bidhaa hii kwa oda namba fulani, nikalipa tarehe fulani. Sijaipokea. Picha ya uthibitisho mliyonitumia inaonyesha mlango usio wangu, na nimeambatisha picha ya mlango wangu. Saini iliyopo si yangu wala ya mtu niliyemtaja. Mkataba wangu ni na ninyi. Naomba mnitumie bidhaa nyingine au mnirudishie fedha zote, pamoja na nauli, ndani ya siku 14. Madai dhidi ya msafirishaji ni yenu kuyafuatilia."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Ndiyo inayousimamisha mpira.

Waombe pia rekodi kamili ya makabidhiano: jina la aliyepokea, saa, picha halisi, na mahali kifaa cha dereva kiliposoma lebo. Vifaa vingi vya madereva huandika mahali pamoja na saa, kwa hiyo mzigo ukisemekana umekabidhiwa mtaa wa pili, ushahidi huo wanao wenyewe. Waombe na uzito uliopimwa njiani. Kwangu uzito ndio uliosema ukweli. Laptopu na boksi lake vilipimwa kilo 2.6 mwanzoni mwa safari, na kituo cha mwisho kilo 2.6, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai kwamba boksi liliondoka tupu. Lilifika mlangoni likiwa zima, ila mlango wa mtu mwingine.

Wakati huo huo wajulishe benki, kwa sababu huku kuna saa inayotembea. Ulilipa kwa kadi, na mitandao ya kadi ina utaratibu wa kumrudishia mteja fedha za bidhaa ambayo haikumfikia. Muda wa kawaida kwenye kadi za Visa ni siku 120, na huhesabiwa kuanzia siku uliyotarajia kuupokea mzigo. Waliolipa kwa PayPal wana siku 180 za kufungua shauri tangu walipolipa. Kwenye kadi za mkopo Marekani, sheria ya mwaka 1974 inataka mteja aandike ndani ya siku 60 tangu alipotumiwa taarifa ya akaunti yenye malipo hayo. Uingereza nako, kifungu cha 75 cha sheria yao ya mikopo, ya mwaka 1974 pia, humfanya mtoa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000. Benki yako ina kalenda yake, kwa hiyo waulize tarehe ya mwisho na waitaje kwa maandishi. Duka likikuambia usubiri "uchunguzi ukamilike", subiri, lakini usisubiri kupita tarehe hiyo. Mimi duka lilininyamazia mpaka benki ilipowaandikia. Siku tisa baadaye hela yangu ikarudi yote.

Umesema unataka kumtafuta dereva umwambie yaliyo moyoni. Nakuomba usifanye hivyo. Huyo mtu ana mizigo mingi kwenye gari, ana muda wa kuhesabu kwa kila mlango, na simu inayomlilia kila anapochelewa. Labda aliiba. Labda alichoka akasoma namba ya nyumba vibaya, na aliyepokea akanyamaza, na mimi hili la pili naliamini zaidi. Wa kumchunguza ni mwajiri wake. Wewe ukimfuata, utapata ugomvi tu na kamera haitarudi, na duka litapata kisingizio cha kusema mmeshaanza kumalizana wenyewe.

Majirani waulize, hilo halina ubaya. Nenda na ile picha, gonga kwa upole. Mzigo wenye jina la mtu mwingine hauwi zawadi kwa sababu umeangukia mlangoni pako, na watu wengi wakiulizwa uso kwa uso huurudisha. Ukiupata, mshukuru Mungu na uwaandikie duka siku hiyo hiyo.

Kuhusu kazi ya Jumamosi ijayo, chukua kamera yangu. Si nzuri kama hiyo yako, lakini lenzi yake ni safi na betri zote mbili zimejaa. Nitaileta mwenyewe Alhamisi jioni, nikupe mkononi.

Kabla hujalala leo, nitumie ile picha yao ya mlango pamoja na barua pepe ya oda. Nataka nizitazame mimi pia, kisha tuandike hiyo barua pamoja.

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote.