Si kila maumivu ni baridi yabisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wagonjwa wa baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe, wanaotumia dawa za kushusha kinga hiyo. Mama yangu mkubwa, ninayemuuguza hapa Temeke, ni mmoja wao. Methotreksati anameza mara moja kwa wiki, prednisoloni kila asubuhi. Dawa hizo zimemrudishia vidole; siku hizi anakuna nazi mwenyewe. Sizipingi hata kidogo.

Ninachopinga ni mazoea ya kila maumivu kuitwa baridi yabisi. Mwaka jana mgongo ulianza kumuuma sehemu moja tu, juu kidogo ya kiuno, hasa usiku. Zahanati tuliyokwenda kwanza waliangalia kadi, wakasema ni ugonjwa wake uleule, na homa hana, wakampa dawa ya maumivu. Lakini prednisoloni huweza kuificha homa! Kumbe bakteria walikuwa wameshaingia kwenye pingili ya uti wa mgongo. Eksirei ya mwanzo haikuonyesha kitu, na si ajabu: wiki 2 za mwanzo mara nyingi haionyeshi. Ni vipimo vya damu na MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, katika hospitali kubwa, vilivyolibaini tatizo, akaanza antibiotiki za wiki kadhaa.

Kwetu kuna na kifua kikuu. Vimelea vyake hulala mwilini hata miaka mingi, kinga ikishuka vikaamka, pengine kwenye uti wa mgongo, bila kikohozi chochote. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa TB kabla ya kuanzishiwa sindano za kushusha kinga kama infliksimabu au adalimumabu.

Wahudumu wetu wa zahanati, nawasihi: mgonjwa wa namna hii kiungo kimoja kikivimba na kuwaka moto kuliko vingine, au mfupa ukimuuma hata akiwa amelala, mpeni rufaa siku hiyohiyo. Nasi tunaouguza tusimwachishe mtu prednisoloni ghafla kwa hofu. Hilo nalo ni hatari, daktari ndiye wa kuipunguza. Vidonda vya miguuni na meno mabovu tuyawahishe, maana bakteria hupitia humo.

Na kliniki ziandike juu kabisa ya kadi, kwa wino mwekundu, kwamba huyu anatumia dawa ya kushusha kinga. Kwenye kadi ya mama maneno hayo yako ukurasa wa ndani, kwa mwandiko ambao hata muuza dawa aliniomba nimsomee.

Muuguzaji,
Temeke, Dar es Salaam