Somoe, usimpe mzee zile dawa za macho kwanza

Shoga yangu Somoe,

Za huko Lindi, mzee kaamkaje? Sisi huku Mtwara tupo, korosho ndo zinaokotwa na joto lilelile. Nimeona nikuandikie kabisa mana kwenye simu tunakatikakatika, na hili nataka ulisome lote kabla hujafungua ile chupa ya vidonge vya macho uliyomnunulia mzee.

Toka uliposema baba anaona fremu ya mlango imepinda, na akimwangalia mtu usoni pale katikati panakuwa na giza, sijatulia, nasoma tu. Kwakweli sidhani kama ni mtoto wa jicho, ule unaleta ukungu. Kitu kilichonyooka kikionekana kimepinda mara nyingi shida iko kwenye makyula, yani pale katikati ya retina, nyuma ya jicho, panapotusaidia kusoma na kutambua sura za watu. Ndo mana uani anatembea vizuri tu, pembeni anaona.

Umri ndo sababu ya kwanza ya makyula kuharibika, kuanzia miaka 50 kwenda juu, na ukoo nao umo, mwaka 2005 watafiti walipata jeni inaitwa CFH inayohusika. Hayo hatuna la kufanya. Kinachoniuma mimi ni sigara, mvutaji hatari yake ni kama mara mbili mpaka nne ya asiyevuta, na mzee kavuta toka sisi watoto.

Sasa hizo dawa. Marekani kuna utafiti mkubwa unaitwa AREDS, majibu yalitoka 2001, vitamini C na E, beta-karotini (ile mwili unaigeuza kuwa vitamini A) na zinki kwa dozi kubwa zilipunguza kama robo ya hatari ya ugonjwa kufika hatua mbaya, kwa wale walioko hatua ya kati. Haziponyi wala hazizuii usianze. Alafu shoga, beta-karotini ya vidonge kwa mvutaji inaongeza hatari ya kansa ya mapafu, ndo mana kwenye utafiti wa pili, AREDS2 ya 2013, wakapima luteini na zeaksanthini, virutubisho vya kwenye mboga za majani, badala yake. Ile picha ya chupa uliyonitumia nimeikuza nikasoma lebo, beta-karotini ipo. Usimpe, nakuomba sana. Mchicha, matembele na samaki ale tu, hivyo ni chakula.

Leo jioni mwambie azibe jicho moja aangalie nondo za dirisha kama zinaonekana zimepinda, alafu azibe lingine, mana macho yote mawili yakiwa wazi lile zima linamficha bovu. Ila hata akisema ziko sawa mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiihii, wampanue mboni waangalie nyuma. Kuna aina ambayo vimishipa vinavuja huko ndani na inaharibu haraka, hiyo ina sindano za kwenye jicho na zinasaidia ikiwahiwa, ikichelewa pale katikati haparudi.

Sigara nayo mwambie wewe, wewe ndo anakusikiliza.

Kama shida ni nani abaki dukani siku hiyo nambie, namtuma mdogo wangu na basi la asubuhi.

Wako,
Zuhura