Mugeni anayetoka jirani, naye ni mugeni

Ndugu muhariri,

Jambo kwenu wote pale kwenye gazeti. Naandika juu ya wageni wa vyuo, wale watafiti na walimu wanaotoka inchi zingine kuja kukaa mwaka moja ao miwili hapa Lubumbashi, na naomba muiweke hii barua hata kama ni ndefu kidogo, juu mwaka wa masomo unakaribia na wengine wako wanafunga mizigo tayari.

Sisi watu wa Lubumbashi tunajua kupokea mugeni, hiyo hakuna mutu atakataa. Profesa wa Ulaya akikuja kwa siku tano, gari na shofere viko vinamungoja Luano, uwanja wetu wa ndege, chumba cha oteli kimelipwa, mangaribi kuna chakula na hotuba na picha. Sisemi ni mubaya. Lakini mutu wa siku tano hahitaji kujua soko iko wapi, anahitaji kitanda tu. Mwenye anakuja kukaa mwaka muzima njo anahitaji watu, na kama huyo anatoka Zambia ao Burundi ao Benin tunasema "aah, huyu ni wa hapa tu, atajipanga." Hiyo neno atajipanga njo inanisumbua.

Nawapa mufano mumoja. Mwaka jana dada mumoja alitoka Kitwe, Zambia, kuja kwenye chuo kimoja cha hapa mujini, sitataja jina, kufanya utafiti juu ya ile mimea inayoota kwenye vilima vyetu vya shaba, pahali majani mengine yanakufa, na mingine ya ile mimea haiote popote pengine duniani. Alikuwa na viza, alikuwa na kadi ya manjano ya chanjo, alikuwa na barua ya mwaliko yenye kashe (muhuri). Alifika Kasumbalesa, pale mupakani, siku ya tano (Ijumaa) mangaribi, kati ya yale malori yote ya shaba, akapiga namba iliyokuwa kwenye barua. Ilikuwa namba ya biro. Ikaita, ikaita, biro ilikuwa imefungwa mpaka siku ya kwanza (Jumatatu). Akalala Kasumbalesa peke yake, kesho yake akapanda teksi pamoja na mamaa wa biashara, kilometa karibu 90, akafika chuoni posho (Jumamosi) mchana na kukuta sentineli tu.

Munajua nani alimupokea? Mama anayeuzisha mikate mbele ya mulango wa chuo. Sentineli hakusikia Kiingereza, dada hakusikia Kifaransa, Kiswahili alikuwa na maneno kidogo, lakini mama alimusikia anaongea na simu Kibemba na akamuita "mwana wangu kuja hapa." Akalala kwake katika Katuba siku tatu, akakula bukari (ugali) na lengalenga, na ile siku ya kwanza mama njo alimusindikiza mpaka kwenye biro ya sekretere, na kitambaa chake cha kichwa, na beseni ya mikate ameiacha kwa jirani. Hakuna mutu alimushukuru yule mama. Mimi nilijua hii mambo mwezi mumoja kisha, na nilisikia haya, juu nafundisha mu hii muji na nilikuwa napita mbele ya hiyo beseni kila asubuhi.

Sasa angalieni vitu vilivyomuchelewesha, vyote vidogovidogo. Fishi (plagi) ya ordinatere yake, ile kompyuta, ilikuwa ile ya Zambia ya miguu mitatu minene, ukutani kwetu kuna matundu mawili ya mviringo, akakaa siku mbili bila mashine na adapta iko inauzishwa kila kona ya soko ya Kenya (si inchi, ni sehemu ya muji wetu). Kwao magari yanapita kushoto, kwetu kuume, alikuwa anaangalia upande mubaya mbele ya kuvuka na moto, ile pikipiki, ilimukosa kidogo tu. Noti yake ya dola ilikuwa imepasuka kidogo pembeni, wakaikataa pahali pote, kwao hakuwahi kujua kama noti inaweza kukataliwa juu ya mupasuko wa ukubwa wa kucha. Na nyumba! Mwenye nyumba akamuomba garanti, ile pesa ya rehani, ya miezi sita, akalipa, nusu ya pesa ya utafiti ikaenda palepale. Sheria ya mwaka 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema nyumba ya kukaa garanti haipite miezi tatu. Sisi wenyewe hatuifuate, lakini angalau tunajua kubishana, yeye angebishana kwa luga gani?

Na kuna mambo si ya pesa tu. Mwenzetu mumoja alitoka Cotonou, akafika mwezi wa sita na mashati ya mikono mifupi, juu kwao Afrika maana yake ni joto. Hakuna mutu alimuambia kama Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200, na kama usiku wa mwezi wa sita na wa saba meno yanagongana. Alinunua mbabula, jiko ya makala, akaiingiza mu chumba, akafunga dirisha na mulango. Ile gazi ya makala haina harufu, haikuamushe, unalala tu na hauamuke. Mutoto wa jirani aligonga kuomba chumvi, njo ile ilimuponyesha. Chumvi! Tungekuwa tunazika daktari wa mahesabu juu hakuna mutu aliyetumia dakika mbili kumuambia "hapa mbabula inabaki inje."

Mimi nimekuwa mugeni pia, njo maana naongea na roho yote. Nilisoma miaka miwili Liège, Ubelgiji. Kule mutu wa inchi ya mbali anapaswa kujiandikisha kwenye komini (serikali ya muji) mu siku 8 za kazi, kisha polisi wa kartie anakuja nyumbani kuhakikisha kama unaishi pale kweli, na asipokukuta dosye inasimama, na bila dosye benki inakuwa shida, kila kitu kinakuwa shida. Nani angejua? Kulikuwa mama mumoja sekretere, muzungu wa miaka karibu 60, alinipigia simu siku ya pili na kuniuliza kama nimeandika jina langu kwenye sonete (kengele) ya mulango. Nikasema hapana. Akasema andika leo, na karatasi hata, polisi asipoona jina anaenda. Nikaandika na kalamu nyekundu. Polisi akakuja kesho yake. Ule mama hakunifanyia karamu, hakuniletea maua, aliniambia ile neno moja kwa wakati wake, na mpaka leo namukumbuka kuliko maprofesa wote.

Njo kile naomba vyuo vyetu. Si hotuba, si kamati, tunazo za kutosha. Kila mugeni anayekuja kukaa awe na mwenyeji mumoja, mutu mwenye jina na namba yake mwenyewe ya simu, si ya biro, na ile namba ifike kwa mugeni mbele hajafunga valizi. Mwenyeji amungoje Luano ao Kasumbalesa, aone nyumba mbele pesa haijatoka, aende naye kwenye uhamiaji na barua ya chuo mukononi, na kwa wiki moja awe mutu wa kuulizwa maswali madogo bila haya. Wiki moja tu. Wanasema mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe, sawa, lakini hatujamuonyesha hata shamba iko wapi.

Na mwenyeji alipwe. Hapa nitasema wazi. Hii kazi inafanyika tayari, na mara mingi ni wamama masekretere na wanafunzi wanaoifanya, na unite zao za simu, na teksi yao, na kisha siku ya mapokezi mwingine njo anasimama kwenye picha. Kama chuo kiko na pesa ya oteli ya mutu wa siku tano, hakiwezi kukosa ya kadi za simu na teksi ya mutu wa mwaka muzima.

Wengine watasema wageni wanatuletea nini. Angalieni Johannes Fabian, mutafiti wa antropolojia, alikuja kufundisha hapa mwanzo wa miaka ya 1970, wakati chuo kikuu cha Lubumbashi kilikuwa kampisi ya UNAZA, chuo kikuu cha taifa cha Zaïre. Alijifunza Kiswahili chetu cha hapa, kile wengine wanakichekelea eti si sanifu, akaongea na wafanyakazi wa migodi, akakaa na muchoraji Tshibumba Kanda Matulu na kurekodi maneno yake, na leo watu wa mbali sana wanajua namna Tshibumba alichora na alisema istoria ya Congo. Hiyo haikutoka mu biro. Ilitoka mu nyumba za watu waliomufungulia.

Yule dada wa Kitwe angali hapa. Kifaransa chake sasa kinatembea, na Kiswahili anaongea kama mutoto wa Katuba, mama wa mikate anamuita binti yake mbele ya kila mutu. Juzi alinikuta kwenye koridori akaniuliza kama ni kweli kuna watafiti wawili wanakuja mwezi wa kumi, mumoja wa Ndola na mumoja wa Bujumbura. Nikasema ni kweli. Akasema ataenda yeye mwenyewe kumungoja wa Ndola Kasumbalesa, hata kama ni siku ya tano, hata kama ni usiku. Aliuliza tu kama chuo kitamulipia teksi. Sijapata jibu la kumupa, na njo nimeandika.

Mwalimu na musomaji wenu,
Kampemba, Lubumbashi