Majina ya Waliotengeneza Kipindi Yasibanwe Pembeni

Wete,
Pemba.

Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUBANWA KWA MAJINA YA MWISHO WA KIPINDI NA MATANGAZO YANAYOINGIA KABLA KIPINDI HAKIJAISHA

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kulalamikia jambo ambalo kituo chenu kimelifanya desturi. Kipindi kinapofika ukingoni na majina ya waliokitengeneza yakaanza kupanda kwenye kioo, picha hubanwa ikawa kidirisha pembeni, sehemu kubwa ya kioo ikapewa promo ya kipindi kijacho, na sauti ya mtangazaji iliyorekodiwa mapema ikaingia juu ya muziki wa kufungia, aghalabu kwa kishindo kuliko kipindi chenyewe. Mara nyengine hata hicho kidirisha hatukipati. Majina hukatwa katikati na kipindi chengine kikaanza. Naomba desturi hii iachwe.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kipindi chenu cha Ijumaa usiku kuhusu historia ya taarab, ambacho, niseme kwa haki, kilikuwa kizuri kuliko vingi mlivyotuonesha mwaka huu. Mtayarishaji aliwaacha wazee wasimulie kwa saa nzima, kisha akauweka wimbo mmoja upigwe mzima chini ya majina, bila ya maneno ya msimulizi. Kwa aliyekifuata kipindi tangu mwanzo, wimbo ule ndio uliokuwa khatima yake: yaliyosimuliwa sasa yasikilizwe. Ubeti wa kwanza haujakamilika, picha ikasukumwa kando na sauti ikatutangazia tamthilia ya saa tatu. Huko ni kukunja jamvi ilhali wageni hawajanawa mikono. Nilijaribu kusoma katika kile kidirisha ni nani aliyepiga kanuni, ile ala ya nyuzi, na nani aliyepiga fidla, nikashindwa, ingawa nilikuwa nimekaa karibu na televisheni ya inchi 32. Picha ikipunguzwa hadi theluthi ya upana wake, herufi nazo hupungua hadi theluthi, lakini orodha huendelea kupita kwa mwendo uleule uliopangwa kwa kioo kizima, kwa hivyo jicho hupewa herufi ndogo zaidi bila ya kuongezewa muda wa kuzisoma. Kwenye maskani, ambako kundi zima la watu hutazama televisheni moja iliyotundikwa juu ukutani, orodha hiyo ni sawa na kutokuwepo.

Huenda ikaonekana ofisini kwenu kwamba majina ni mambo ya watengenezaji wenyewe, na kwamba mtazamaji wa kawaida hana haja nayo. Katika taarab si hivyo hata kidogo. Mpenzi wa taarab hutaka kujua mtunzi wa maneno ni nani, aliyetia sauti ni nani na wapigaji ni akina nani, na mabishano ya barazani juu ya mambo hayo hayaishi. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wetu mashuhuri wa taarab, alikwenda Bombay kurekodi santuri, na hadi leo tunaweza kuwataja waliokuwa naye katika kundi lake: Maalim Shaaban, Subeit Ambar, Mbaruk na Budda Swedi. Tunaweza kwa sababu majina yao yaliandikwa na yakahifadhiwa. Wapigaji wa kipindi chenu cha Ijumaa nao wameandikwa. Mtayarishaji alifanya wajibu wake. Anayewafuta ni fundi wa zamu katika chumba chenu cha kurushia matangazo, kwa kubonyeza kitufe ambacho bila ya shaka ameamriwa akibonyeze.

Sababu yenu naifahamu. Vituo vya televisheni huogopa kwamba majina yanapoanza kupita, mtazamaji hunyoosha mkono akachukua rimoti, na akishahamia kituo chengine hatorudi. Hofu hii haikuanzia kwetu. NBC, kampuni ya televisheni ya Marekani, ilianza kubana majina pembeni mwaka 1994 ili kipindi kimoja kiungane na chengine bila ya mwanya, na vituo vya nchi nyingi vikafuata. Lakini wenye mtindo huo nao wameona mipaka yake. Mwezi wa Aprili 2010, BBC One ya Uingereza ilipitisha katuni ya mtangazaji Graham Norton chini ya kioo, kutangaza kipindi kinachofuata, katika dakika za kilele za mchezo wa kuigiza wa Jumamosi jioni. Maelfu ya watazamaji walilalamika, na BBC ikaomba radhi. Naomba muizingatie khabari hiyo pamoja na ya NBC, kwa sababu mtu akiiga jambo ni vyema aige na kujirekebisha kwa wenyewe.

Isitoshe, hofu hiyo hata ikiwa ya kweli, mnachokifanya hakiiondoi. Mtu anayetaka kuhama huhama pale anaposikia kishindo cha promo. Anayebaki ni yule aliyekuwa bado anatazama, na huyo ndiye mnayemuudhi.

Nije kwenye tamthilia za Kituruki zinazotiwa sauti za Kiswahili, maana hapo ndipo kosa linapozidi. Tamthilia hizi zinapendwa mno huku. Kuna nyumba ambazo chakula cha usiku hungoja hadi ziishe. Kinachozifanya zipendwe ni hao watu wetu wanaozitia sauti, ambao humfanya mama mkwe wa Istanbul agombe na kulalama kama mama mkwe wa mji wetu wa Mkoani, na hiyo ni kazi ya sanaa kamili. Majina yanayopita mwishoni ni ya Kituruki, nayo mnayakata baada ya sekunde chache. Majina ya Waswahili waliotia sauti hayaoneshwi kabisa, si mwanzo wala mwisho. Tunazijua sauti zao kuliko za baadhi ya jamaa zetu, na hatumjui hata mmoja kwa jina. Ikiwa kuna kundi moja la wasanii linalostahiki kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kioo kizima, ni hili. Kwa kijana anayeanza kazi ya sauti, au aliyeshika kamera, au aliyehariri picha, jina lake kuonekana ndiyo hati yake anapokwenda kuomba kazi nyengine. Haongezewi malipo kwa ajili yake, na nanyi hamgharimiki kitu.

Kuhusu matangazo yenyewe ya baina ya vipindi, sipingi kuwepo kwake. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, na sisi tuliokulia mbele ya televisheni hiyo tulimzoea mtangazaji wa zamu, aliyejitokeza kipindi kikishamalizika, akatwambia kinachofuata ni kipi na cha muda gani, na mitambo ikileta taabu akaomba radhi. Neno muhimu hapo ni "kikishamalizika". Mtangazaji wenu wa sasa haombi radhi mitambo ikikatika, hatwambii mpira unapochelewesha ratiba kwa nusu saa, lakini hana subira ya kungoja mhusika mkuu amalize kukata roho. Tena husema mengi kuliko anayohitajika kusema. Wiki iliyopita tamthilia iliishia pale ambapo hatukujua kama binti aliyetekwa yu hai, na kabla picha haijaganda vizuri sauti ikatukaribisha tumtazame kesho binti huyohuyo akirudi nyumbani kwao. Nyumba nzima iliguna. Aliyeandika tangazo hilo ama hakukitazama kipindi, ama hakufikiri kwamba kuna wanaokitazama.

Wala msidhani kuwa watazamaji wa visiwani hawawezi kuvumilia kukatizwa. Kipindi kikisitishwa kwa adhana ya Magharibi hakuna anayenung'unika, khasa katika mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa jambo lenyewe lina wakati wake na mtangazaji hutwambia kabla. (Ingawa hapo pia ningeomba wakati wa kufuturu wa Pemba usisahauliwe: kisiwa chetu kiko mashariki zaidi kuliko Unguja na jua hututulia mapema kidogo, na mtangazaji wenu hututaja siku akikumbuka.) Tunachokikataa ni kukatizwa kwa ajili ya kuuziwa kipindi ambacho tungekitazama hata bila ya kuuziwa.

Sisemi kwamba kubana majina ni kuvunja sheria. Hilo nawaachia wanasheria. Najua tu kwamba Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1994, ambao unampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake hata akiwa ameshaiuza, na kwamba Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 2003. Kituo ambacho husimama mbele ya wasanii na kuzungumza juu ya haki zao katika vipindi vya asubuhi kingepaswa kuona haya kuyafunika majina yao usiku.

Basi ninaomba majina ya mwisho yaachiwe kioo kizima, hata ikiwa ni kwa nusu dakika, na pale muziki wa kufungia ni sehemu ya kipindi, uachwe mpaka uishe. Mtangazaji na aingie baada ya hapo, kwa sauti iliyo sawa na ya kipindi, na aseme jina la kipindi kijacho na wakati wake bila ya kufichua yaliyomo. Waliotia sauti za Kiswahili waandikwe. Na kama ratiba yenu kweli haina nusu dakika ya kutoa, jambo ambalo nalitilia shaka kwa kituo kinachorudia promo moja mara kadhaa ndani ya saa moja, basi orodha nzima iwekwe mwanzoni mwa kipindi au katika ukurasa wenu wa YouTube, na mtangazaji atwambie iko wapi.

Kile kipindi cha taarab ninaomba kirejewe, safari hii hadi nota ya mwisho, nanyi mtangaze mapema siku na saa. Nitashukuru kupata jibu la maandishi, na nakala ya barua hii naipeleka Tume ya Utangazaji Zanzibar.

Wenu,
Mtazamaji wa Wete