Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Usimamizi kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi, walimu wetu, wazee na wageni waalikwa,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetujaalia uzima tukakutana asubuhi hii. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja kutukabidhi vyeti.

Tuliosimama mbele yako ni maofisa utumishi, makatibu wa vyama vya ushirika na wakuu wa vitengo. Tumesoma mengi, lakini leo tunaomba tukueleze jambo moja tu: namna ya kumtambua msimamizi kabla hajapewa kiti.

Mheshimiwa, desturi ya taasisi nyingi ni kumpandisha anayewashinda wenziwe kazi. Mhasibu asiyekosea hesabu huwa mkuu wa wahasibu. Mwalimu anayefaulisha hupewa skuli. Wako wanaomudu. Asiyemudu huigharimu taasisi mara mbili: mhasibu hodari hayupo tena, na mkuu mpya anabaki ofisini mpaka magharibi akifanya kazi za walio chini yake, kwa vile hajui kuzigawa. Robert Katz wa Marekani aliandika mwaka 1955 kwamba meneja anahitaji ujuzi wa aina tatu: wa kazi yenyewe, wa kwenda na watu, na wa kuiona taasisi nzima kwa pamoja. Kadiri mtu anavyopanda cheo, ule wa kwanza hupungua uzito na wa tatu huzidi. Sisi bado tunapandisha kwa ule wa kwanza peke yake.

Dalili huonekana mapema, hata kwa mtumishi wa ngazi ya chini kabisa. Siku mkuu hayupo, wenzake wanamwendea nani? Nani akileta tatizo huja na njia ya kulitatua? Nani humwelekeza mgeni kazi bila ya kuagizwa? Msemaji wa kikaoni huonekana haraka kuliko hawa, na ndiyo maana wanawake wengi wanaoendesha kazi kimyakimya hurukwa majina yakipendekezwa.

Dalili zikishaonekana, mtu apimwe kwa vitendo. Kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilianza kufanya hivyo mwaka 1956, chini ya mwanasaikolojia Douglas Bray. Matokeo yakafichwa hata kwa wakuu wa waliopimwa, na baada ya miaka yakalinganishwa na vyeo walivyofikia. Vipimo vilikuwa vimebashiri vizuri.

Kipimo tunachokipendekeza hakina gharama: trei ya barua. Mtahiniwa anapewa karatasi 12 na dakika 45, aandike kila moja ataifanyia nini na kwa nini. Tuseme ni kituo cha kununulia karafuu. Karatasi ya pili ni ya mkulima anayelalamika kilo zake zimepungua. Ya saba ni ya karani, anasema foleni imefika barabarani. Ya kumi na moja ni ya fundi anayedai malipo ya mizani aliyoitengeneza wiki iliyopita. Wengi huzijibu moja moja kwa adabu nzuri, na fundi wanamlipa. Mwenye jicho la usimamizi anaziweka pamoja, anasimamisha malipo na kuagiza mizani ikaguliwe kabla ya gunia jingine kupimwa.

Wapimaji wawe wawili, kila mmoja atoe alama 1 hadi 5 peke yake na aandike alichokiona. Wakizungumza kwanza, mmoja akasema "huyu hodari", wa pili humfuata. Alama zikipishana kwa mbili au zaidi, wairudie karatasi.

Baada ya hapo ndipo mtu akaimishwe, na hapa, Mheshimiwa, ndipo panapoharibika zaidi. Kaimu hupewa barua ya mstari mmoja. Hawezi kuidhinisha likizo, hawezi kununua hata rimu ya karatasi, na watumishi wakishalijua hilo humpita na kwenda juu. Miezi mitatu ikisha, anaambiwa hakuweza. Barua itaje mambo manne: atakachokiamua mwenyewe, kiwango cha fedha anachoruhusiwa kutumia, malengo mawili ya kupimwa, na tarehe ya mwisho. Itaje pia kwamba akirudi nafasi yake ya zamani hakupungukiwa kitu. Bila ya hilo, mtu huficha makosa yake badala ya kuyauliza. Mkuu wake akae naye nusu saa kila wiki, amuulize ameamua nini, kwa nini, na safari ijayo atabadilisha nini. Kozi kama hii yetu husaidia, lakini anayerudi kozini asipopewa kazi ya kuitumia ndani ya mwezi mmoja, elimu hiyo hubaki kwenye daftari.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. Kwanza, utufikishie kwa wakuu wa taasisi pendekezo la barua ya kukaimu yenye mambo hayo manne. Pili, wataalamu wawekewe ngazi yao ya kupanda mshahara, ili mhasibu au fundi bingwa asilazimike kuomba ukuu asioutaka kwa sababu tu watoto wake wanataka ada.

Mwenyezi Mungu akujaalie afya njema. Tunaomba kuwasilisha.

Ahsante.