Yaya, Binder amekuwa wa pili mara mbili

Johannesburg, tarehe 12 mwezi wa tatu 2024

Yaya yangu,

Jambo sana, na jambo kwa mama, kwa shemeji na kwa batoto bote. Huku tuko bazima, kazi iko inaendelea, ile feza ya masomo nimesha kutuma, wende uangalie. Lakini leo sikuandikie juu ya feza. Nakuandikia juu ya ile kintu ulinifundishaka kupenda, wakati ulikuwa unafungua motere ya pikipiki mu kiwanja kule Katuba na mi nakushikia tochi: sezoni ya MotoGP, ile mashindano ya dunia ya mapikipiki, imeanza, siku ya yenga hii ya tarehe 10, kule Lusail mu Qatar, na Brad Binder, ule Muafrika ya Kusini, amekuwa wa pili. Siku ya posho mu sprinti, ile mashindano ya mufupi, wa pili. Siku ya yenga mu mashindano yenyewe, wa pili tena. Na huku kwabo, yaya, ungeona bantu!

Tuliangalia mu bar moja karibu na garaji kwenye natumika, mashindano ilianza saa moja ya mangaribi, saa yetu na yenu ni moja tu. Mbele balikaa Maboer na makoti yabo ya ngozi, katikati bana ba Soweto benye kupanda mapikipiki makubwa siku ya yenga, na nyuma karibu na mulango njo bale bijana ba kupeleka chakula kwa nyumba za bantu, Bazimbabwe, Bamalawi, na banduku zetu Bakongomani, kaske mu mukono na saki ya chakula ingali ku mugongo. Bale hawakukaa hata kidogo. Telefone inalia, anatoka kupeleka komande, anarudia mbio, kintu ya kwanza anauliza ni "Binder iko wa ngapi?" na bar yote inamujibu "wa pili!" na anapiga mikono kama vile njo anasikia mara ya kwanza.

Kuanza kulichelewa. Pikipiki ya Raúl Fernández ilikatala pale pale ku mustari, akanyanyua mukono, wakasimamisha yote, na badala ya mizunguko 22 ikawa 21. Kisha taa zikazimika na Bagnaia, mwenye alianzia nafasi ya tano, akapita bote mu mizunguko ya kwanza, akaenda zake. Ule muntaliano amekuwa bingwa 2022 na 2023 na ukimuona vile anaendesha unaelewa juu ya nini, hana makelele, hana kutikisika, anakata kona sawa fundi anakata nguo. Lakini nyuma yake njo Binder, namba 33, na nyuma ya Binder njo Jorge Martín mwenye alishinda sprinti, na ule Martín alimufuata mpaka mwisho. Yaya, mizunguko mingi mutu iko anakusukuma mugongo na pikipiki ya Ducati na wewe uko juu ya KTM, na hauteleze, haukose hata freni moja! Mu mizunguko ya mwisho bar ilinyamaza yote, Boer moja muzee alishika kichwa na mikono mbili, nafikiri hakupumua mpaka bendera.

Na hapa njo nataka uelewe juu wewe ni mufundi. Mu batu saba ba kwanza, sita balikuwa juu ya Ducati. Sita! Bagnaia, Martín, Marc Márquez, Bastianini, Álex Márquez, Di Giannantonio. Moja tu mwenye hakuwa na Ducati ni Binder, na yeye njo wa pili. Halafu siku hizi kufuata mwenzako karibu ni ngumu sana, juu mapikipiki inabeba mabawa mengi, ile upepo yenye mutu wa mbele anaiacha inakuwa chafu na ya moto, tairi yako ya mbele haipate baridi, inashika joto, presha inapanda, na kisha ukipiga freni mbele inakimbia chini yako. Na sheria ya 2024 nayo iko: presha ya mbele isikuwe chini ya 1.8 bari mu asilimia 60 ya mizunguko, ukivunja wanakuongezea sekunde 16. Kwa hiyo ekipe haiwezi tu kupunguza hewa ili ujisaidie. Binder alikaa mu ile joto ya Bagnaia na akafika sekunde moja na kidogo nyuma yake. Basupoteri bengi huku balilalamika mashindano ilikuwa ya kusinzia, ati batu hawapitane. Mi siwape haki. Ukijua kwenye ugumu iko, hauwezi kusinzia.

Sasa vile ilimalizika. Kisha ya bendera bar ililipuka, bira ikamwangika, bijana ba kaske balirukaruka, Boer moja alimukumbatia Muzimbabwe mwenye hata hawakujuana jina, nimeona na macho yangu. Lakini kisha ya dakika chache njo maneno ikaanza, na ile maneno njo imenifanya nikuandikie. Bamoja bakasema wa pili, wa pili, kila siku wa pili, tutachoka lini? Na bana haki ya kuumia, sikatae. Binder hajashinda Grand Prix, ile mashindano yenyewe ya siku ya yenga, tangu Austria 2021, ile siku mvua ilianguka mu mizunguko ya mwisho, ba mbele yake bakaingia kubadilisha pikipiki, yeye akabaki inje na tairi za jua mu maji, akashinda. Mwaka jana alimaliza wa nne mu dunia. Mwaka jana tena kule Assen mu Uholanzi bamemunyanganya nafasi ya tatu mara mbili, sprinti na Grand Prix, juu ya tairi kugusa rangi ya kijani pembeni ya barabara, na kule Buriram mu Tailandi vilevile alipita mustari wa pili wakamuweka wa tatu. Ile rangi ya kijani, ukiitaja mu bar huku bantu banakunja uso.

Kijana moja yetu, wa Likasi, yeye akaniambia mu Swahili, ati "weye unafurahia nini, ule si muzungu?" Nikamujibu muzungu iko, lakini alizaliwa Potchefstroom, si mbali na hapa, na wakati anasimama pale juu bendera yenye inapanda ni ya bara hii. Mu hii dunia ya MotoGP hakuna mwingine. Mu 2016 alikuwa bingwa wa dunia mu Moto3, klasi ya mapikipiki madogo, mbele yake Muafrika ya Kusini wa mwisho kuwa bingwa ni Jon Ekerold, 1980, mi na wewe hatukukuwa hata mu mawazo ya mama. Mu 2020 akaingia MotoGP na mu mashindano yake ya tatu tu, kule Brno, akashinda, na KTM ilikuwa haijashindaka hata siku moja mu ile klasi, yeye njo aliwapa ya kwanza. Na mwaka jana Mugello walipima mbio yake: kilometre 366.1 kwa saa, na mpaka siku ya hii barua hakuna mwenye amepita pale. Nikamwambia ule mwenzangu, kama unataka kukatala hii yote juu ya rangi ya ngozi, basi ukatale, mi nitafurahia peke yangu.

Na kisha nikamuuliza, na wewe yaya nakuuliza: 2010 tulikuwa wa ngapi? Unakumbuka. Timu yetu ya mupira Mazembe kule Abu Dhabi, Pachuca ya Mexico 1-0, Internacional ya Brazil 2-0, kipa wetu Kidiaba anarukaruka na matako yake mu majani na dunia yote inashangaa, timu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya klabu za dunia. Finali Inter ya Milano ikatupiga 3-0. Wa pili. Mpaka leo kuna muntu kwetu Lubumbashi, mu komini ya Kamalondo ao ya Kenya, anasema ile ilikuwa haya? Sisi tunajua kabisa nafasi ya pili iko na uzito gani kama batu bote ba juu yako na ba chini yako banatoka fasi ingine. Nilivyoelezea ile mu bar na kingereza yangu, bana ba Soweto balielewa mara moja, juu Kidiaba banamujua, moja hata alishuka chini akaruka mara tatu.

Kuna muzee moja, kiliya ya garaji yetu, yeye ananipa roho kuuma. Yeye alikuwa Welkom tarehe 18 mwezi wa nne 2004. Welkom ni muji ya migodi ya zahabu, papa yetu mwenye alitumikaka mu shaba angejisikia kwabo pale, na mu 2004 sezoni yote ya dunia ilianziaka pale, mu Afrika, raundi ya kwanza. Na ilikuwa ile ya Valentino Rossi: ametoka Honda, amekwenda Yamaha yenye haikupataka ubingwa tangu 1992, batu bote banasema amepoteza akili, na siku ya kwanza kabisa akapigana na muntaliano mwenzake Max Biaggi mpaka mwisho akamushinda. Kisha ya mustari akasimamisha pikipiki pembeni, akaibusu, akakaa chini. Ule muzee anaelezea ile kila siku na kila siku macho inabadilika. Lakini 2004 njo ilikuwa mara ya mwisho. Tangu pale hakuna Grand Prix imerudia Afrika, miaka 20 sasa. Binder amekimbia dunia yote tangu 2011, Qatar, Japani, Argentina, hajakimbia hata Grand Prix moja kwabo. Bantu banamupenda kwa televizyo tu. Mi naona ile ni makosa kubwa, bara yenye kujaa mapikipiki kila barabara, toka Lubumbashi mpaka Cairo, na dunia inaturuka.

Bengine huku, na wewe najua ni mu ile kundi, hawaangalie Binder, banamuangalia Marc Márquez. Basi nikupe habari yake: wa tano mu sprinti, wa nne siku ya yenga, mara ya kwanza yake mashindano na Ducati, na si hata ya mwaka huu, ni ya mwaka jana, ya ekipe ya Gresini. Mutu mwenye alivunjika mukono Jerez mu 2020, akapasuliwa na kupasuliwa tena, ameacha Honda kisha ya miaka 11 ili aone kama angali anaweza. Anaweza. Alikuwa anacheka mu kaske, basupoteri yake balilia huku kama bameshinda.

Na Pedro Acosta! Miaka 19, siku yake ya kwanza mu klasi ya bakubwa, alipanda akapanda mpaka akamupita Marc mwenyewe, bar yote ikasimama. Kisha tairi ya nyuma ikaisha akarudi mpaka wa tisa. Hajajua bado kuchunga tairi, lakini ile mambo inafundishwa, ile roho haifundishwe. Umuangalie.

Mu hesabu ya dunia Bagnaia ana pointi 31, Binder 29, Martín 28. Mbili tu! Raundi ya pili ni Portimão mu Ureno, tarehe 24. Kama umeme iko, ukusanye bale bawewa, bataksi ba pikipiki benzako, pa kona, mukae kwa jirani mwenye dekoda, na museme ni nani munamuunga mukono, juu nataka kujua Lubumbashi inasema nini. Usiache shemeji akulazimishe kwenda kwa maombolezo ile siku, unaweza kwenda asubui.

Kintu ya mwisho, na hii usiiweke pembeni. Nimekununulia kaske, ile ya kufunika uso yote, na nimeiweka ku dereva moja wa kamio mwenye anapitia mupaka wa Kasumbalesa, atafika kwenu mbele ya mwisho wa mwezi, atakuita kwa telefone. Ni ya rangi ya machungwa kama ya KTM. Najua unabeba bakiliya toka asubui mpaka usiku na kichwa inje, na najua utaniambia joto, joto. Bale bijana ba Malawi huku banavaa kila siku mu jua hii hii. Uvae, yaya, uwe unaivaa hata kwa kwenda soko. Ukiipata, uifunge vizuri chini ya kidevu na utikise kichwa mbele na nyuma, kisha uniandikie kama inakushika ku masikio ao inacheza, juu muuzaji amekubali nibadilishe kama kipimo haiko sawa.

Mama umusalimie sana, umwambie nitamuita siku ya yenga kisha ya misa.

Mudogo yako