Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025, Tanga

Ndugu wanachama, wazee wetu walezi na vijana wetu watafiti, assalaam aleikum, habari za asubuhi.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tumefanya vikao vinne vya kamati tendaji, semina mbili za kuandika andiko la mradi na ziara moja ya Muheza, na tarehe 31 Mei tuliadhimisha Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani pale Chumbageni. Semina ya pili niliifundisha mwenyewe baada ya mkufunzi kukwama njiani, na nimeambiwa ilieleweka kuliko ya kwanza. Mapato yalikuwa shilingi 1,940,000, matumizi 1,815,000, salio 125,000. Mchanganuo anao mweka hazina.

Sasa nije kwenye lile ambalo najua ndilo lililowaleta wengine wenu leo: fedha za utafiti nilizozikataa.

Mwezi Aprili tulipata barua ya mfuko mmoja, jina sitalitaja, ukiahidi shilingi milioni 24 kwa miaka mitatu kwa watafiti wetu chipukizi watatu wanaochunguza udhibiti wa tumbaku: nauli za uwandani, laptopu, gharama za kuchapisha. Barua nzuri, karatasi nzito. Ukurasa wa tisa, kwa herufi za kutafutia miwani, ndipo palipoandikwa kuwa fedha hizo zinatoka kwa kampuni ya sigara, na kwamba matokeo lazima wayaone wao kwanza, siku 60 kabla ya kuchapishwa. Nilikataa. Jibu lilitakiwa ndani ya siku saba; niliwapigia simu wajumbe saba wa kamati, wakapokea wawili. Leo naambiwa nimeamua kisultani. Simu ninayo hapa, anayetaka kuhesabu miito aje ahesabu.

Kwenye kundi la WhatsApp imeandikwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo naijua tangu sijaota ndevu. Lakini Tanzania iliridhia mwaka 2007 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, na Kifungu cha 5.3 kinataka sera za afya zilindwe dhidi ya maslahi ya biashara ya tumbaku. Sisi si serikali, kweli. Ila kijana wetu akipeleka matokeo yake wizarani ataulizwa kalipiwa na nani, na kwa jibu lile karatasi zake zingeishia kufungia karanga. Wala sikuuanzisha mimi ugumu huu. Mwaka 2017 Philip Morris International ilipoahidi karibu dola bilioni moja kwa miaka 12 kwa mfuko wa utafiti, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa halitashirikiana na mfuko huo, na likazihimiza serikali nazo zisishirikiane nao.

Msomi wetu mmoja akanijibu kuwa hata Marekani watafiti wa tumbaku wanalipwa kwa fedha za kampuni za sigara. Ni kweli, tena nashukuru kalileta. Sheria yao ya tumbaku ya 2009 inazitoza kampuni ada, zitake zisitake. Fedha zinapita serikalini, na mwaka 2013 zikaanzisha vituo 14 vya utafiti wa udhibiti wa tumbaku, pamoja na ruzuku za kuwalea wanasayansi wachanga chini ya walezi. Kampuni haimchagui mtafiti wala haisomi kazi yake kabla ya wengine. Kodi na zawadi si kitu kimoja! Hata hivyo, Aprili 2025 huko huko walipunguza watumishi wengi wa idara ya tumbaku ya mamlaka yao ya chakula na dawa, inayozisimamia fedha hizo, kwa hiyo anayedhani tungekimbilia kwao afikirie tena.

Wakati mabishano yakiendelea, binti yetu mmoja, kati ya wale watatu, alikuwa anazunguka Ngamiani kwa miguu na daftari la shule. Kahesabu vibanda 37 vya kuuza sigara vilivyo karibu na shule. Kimoja nilikwenda naye: sigara zimesimamishwa kwenye kopo kando ya kopo la ubuyu, na kibiriti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi wa katani, kimo cha mtoto wa darasa la nne. Sheria yetu ya 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Nilimpa 80,000 za mfukoni mwangu, na sikudai stakabadhi.

Hapa nije kwenye ada. Tuko wanachama 62, ada ni 30,000 kwa mwaka, waliolipa ni 19. Barua ya kunilaumu kwa kukataa fedha zile ina saini 14. Waliolipa kati yao ni watatu. Mkutano wa Machi tulinunua vitumbua 80, wakaja watu 11, akidi haikutimia, na vitumbua sisi ndio tuliovimaliza. Mtu anayeshindwa kutoka Makorora hadi hapa ananifundisha kutafuta mamilioni!

Mwaka ujao, inshallah, tutatafuta wafadhili wasio na mkono kwenye tumbaku, tutabisha hodi vyuoni, na ikiwezekana tutaanzisha kijifuko chetu cha nauli za uwandani. Kamati italiangalia.

Mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi mpaka saa nane.

Mwenyekiti